Kiti Hakijivunji

Ilianza na harufu. Karani mmoja wa hospitali, mwanamke ambaye wenzake walimwita Bi Tarakimu, alifungua ofisi yake asubuhi akapokewa na harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi. Akakagua nyaya za kompyuta, akanusa pazia, hakuona kilichoungua. Akafungua dirisha, akaketi. Harufu nayo ikaketi.

Kazi yake ilikuwa kugeuza maneno ya madaktari kuwa misimbo. Kila ugonjwa una herufi na tarakimu zake, lakini sumu ina mambo: msimbo wake hautaji dawa peke yake, hutaja na mkono. Alama ya mwisho husema kama mtu alidhurika kwa bahati mbaya, kwa mkono wake mwenyewe, kwa mkono wa mwingine, au kama haijulikani.

Siku chache nyuma alikuwa amefunga jalada la fundi cherehani aliyeletwa akitapika, mapigo ya moyo yakijikokota, akilalamika kuwa kila anachokitazama ni cha njano. Hakufika jioni. Damu yake ilikutwa imejaa dawa ya moyo, na moyo wake haukuwahi kuugua. Kuhusu mkono, daktari aliandika kwamba haijulikani.

Lakini mume wa marehemu alikuwa mtoa dawa wa hospitali hiyohiyo, mtu wa salamu ndefu, anayependwa kila wodi. Alimfuata Bi Tarakimu macho yamemwiva, akamweleza kuwa mkewe alikuwa na majonzi tangu mimba yake ilipoharibika, akamsihi aandike kuwa alijidhuru mwenyewe, maneno yaishe, marehemu apumzike. Bi Tarakimu alimwonea huruma. Akaandika.

Baada ya harufu ikaja sauti. Adhuhuri, wenzake wakiwa wamekwenda kula, alisikia ukuta wa nyuma yake ukidunda. Alidhani ni pampu ya maji. Ila pampu haisiti, na hii ilikuwa ikidunda mara moja, kisha kimya, kimya kirefu hadi yeye mwenyewe akajikuta amezuia pumzi akiungoja mdundo wa pili kama anayengoja habari ya mgonjwa wake, na ulipokuja akainuka akauwekea ukuta kiganja, akaukuta una joto la kifua cha mtu. Hakuaga. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani.

Alimkuta mama yake barazani akichambua mchele.

"Mwanangu," mama alimuuliza taratibu, "taa hii ya njano mmeiwashia nini mchana wote huu?"

Hapakuwa na taa. Bi Tarakimu alipiga magoti, akamshika mama kifundo cha mkono, akatafuta mshipa, akaupata, ukapiga, halafu ukanyamaza, na katika ule unyamavu harufu ya kitambaa kilichoungua ikapanda kutoka kwenye nywele za mama yake, na mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumeza dawa ya moyo, akamtazama kwa macho ambayo hayakuwa yake, akatabasamu kama mtu aliyebisha hodi siku nyingi na sasa amefunguliwa.

Jirani alikwenda kumwita mganga. Alikuja mwanamke wa makamo, mchangamfu, aliyevua viatu mlangoni na kuuliza kama kuna maji ya kunywa. Uchangamfu ulimwisha alipomwona mgonjwa. Akamfunika shuka, akafukiza ubani, akamuuliza aliyemo anataka nini.

Sauti iliyotoka chini ya shuka ilikuwa nzito, haina haraka. Ilisema ilikuwa na kiti, yaani mwili wa kukalia, yule fundi cherehani, iliyemrithi kwa mama yake na bibi yake, nayo ilimlinda tangu utotoni.

"Mmoja amekivunja kiti changu," ilisema. "Na huyu akaandika kuwa kilijivunja."

Mganga akataja kafara. Ikakataa. Ilisema yule mume amejificha nyuma ya uongo wa karani kama mwizi nyuma ya mlango, na mradi mlango umefungwa, yeye haguswi.

"Kiti hakijivunji," ilisema. "Ufungue mlango. La sivyo nitaketi hapahapa mpaka mama yako aishe."

Mganga alimvuta Bi Tarakimu pembeni. Akamnong'oneza kwamba huyu hafukuzwi, anadai haki, na wa kudai haki humpi maji ya ubani.

Bi Tarakimu alirudi hospitali akikimbia. Alijua huenda kazi ikaota mbawa. Alimweleza daktari yote, akilia, naye daktari alikasirika, akasema jambo hilo hatalifumbia macho, kisha akaketi naye wakaurudisha msimbo wa "haijulikani", kama daktari alivyoandika mwanzo, na akawapigia polisi simu. Kabla hajaikata, mdundo ule ukapita ndani ya ukuta, ukielekea dirisha la dawa.

Foleni ilikuwa ndefu. Mtoa dawa alikuwa akimweleza bibi mmoja namna ya kumeza vidonge vyake, akanyamaza katikati ya neno. Alipofungua tena kinywa ilitoka sauti ya mkewe, laini, wazi, ikiwaeleza wagonjwa wote jinsi mumewe alivyovitwanga vidonge vya moyo na kuvikoroga kwenye chai yake kila asubuhi, akimwambia kunywa, mpenzi, upate nguvu. Mikono yake ilijaribu kuziba kinywa chake. Haikuweza. Polisi walimkuta bado anaeleza.

Mama alipona jioni ileile, akaomba chakula.

Mtoa dawa hakufika mahakamani. Alilazwa chini ya ulinzi, moyo ukisimama na kurudi, ukisimama na kurudi, wala damuni mwake hamkuonekana dawa yoyote. Bi Tarakimu, aliyebakizwa kazini kwa onyo, aliitwa kitandani kwake kwa kuwa mgonjwa hakutaka mtu mwingine.

"Dada yangu," alisema, midomo imemkauka, "wewe huyu aliyenikalia anakusikia. Mwombe aniue."

Bi Tarakimu akamwinamia.

"Kunywa, mpenzi," alimjibu. "Upate nguvu."

Akatoka, na harufu ya kitambaa kilichoungua ikatoka naye. Kwenye ukumbi muuguzi alimuuliza kinachomchekesha ni nini. Bi Tarakimu akajigusa mdomo, akashangaa, kwa maana hakujua kuwa anacheka.