Chemchemi Iliyoitwa ya Msimu

Duka la kutoa kopi lilijaa pomoni siku ile. Mashine ni moja, watu kumi na watano, na mbele yao wote kijana mrefu, shati la bluu limepigwa pasi likapigika, lakini viatu tope tupu. Mkononi ana ripoti nene kama godoro la mtoto, anataka nakala kumi na mbili.

Nyuma yake alisimama msichana wa gauni la kijani, udongo bado uko chini ya kucha. Yeye alikuwa na karatasi moja tu.

"Wewe bwana, unachapa habari za dunia nzima?"

Kijana akageuka na hasira, hasira ikamwishia njiani.

"Samahani. Ni tathmini ya athari kwa mazingira."

"Mh! Kwa lugha ya watu?"

Akacheka. "Kabla mtu hajajenga kitu kikubwa, mimi naenda kuangalia kitaharibu nini. Maji, miti, watu. Kisha naandika."

"Na ukikuta kitaharibu?"

"Naandika kitaharibu."

"Basi wewe ni mtu wa maana. Pisha sasa, karatasi yangu moja haitakuua."

Akapisha. Na namba ya simu akaiomba hapohapo, mbele ya foleni nzima, nao wakashangilia kama wako mpirani.

Msichana huyo na mama yake walikuwa na bustani ya miche bondeni, kando ya chemchemi. Wateja walimwita Dada Miche. Kijana, wiki ya pili tu, akawa anamwita "roho yangu", naye akabandikwa jina la Mpimaji.

"Uko wapi, Mpimaji?" Dada Miche anauliza kwenye simu.

"Napima umbali wa kuja kwako."

"Ukoje?"

"Mrefu mno. Bora uhamie kwangu."

"Kamdanganye mama yako!"

Iwe bahati, iwe balaa, kazi iliyofuata ya Mpimaji ikawa bonde lilelile. Kampuni ilitaka kujenga maghala. Akaja katikati ya kiangazi, jua linachoma utosi, akavua viatu akaingia majini. Dada Miche akamshikia futi kamba. Maji yaliwafika vifundoni.

"Huwa yanakauka?"

"Mama kazaliwa hapa. Muulize."

Mama akajibu kutoka kitaluni bila kuinua kichwa: "Nikikauka mimi, labda na yenyewe."

Mpimaji akaandika: chemchemi ya kudumu.

Neno hilo ndilo lililokuwa na uzito. Chemchemi ya kudumu haifukiwi, jengo ndilo linalosogea. Ya msimu, ile ya mvua tu, inaruhusiwa kuingizwa bombani na kumwagiwa zege juu.

Bosi wake aliisoma ripoti amesimama. "Kazi nzuri, kijana. Rekebisha neno moja tu. Andika ya msimu."

"Mzee, nimeingia kwa miguu yangu."

"Miguu yako haina muhuri. Kazi unaitaka, huitaki?"

Mpimaji alikaa na kalamu mchana kutwa. Alijiambia, nikikataa ataletwa mwingine, ataandika hivyohivyo. Alijiambia, nitamtafutia kiwanja kingine kabla hajajua. Alijiambia mengi. Mwisho akabadilisha, akatia sahihi.

Dada Miche akapiga. "Mbona sauti iko chini?"

"Nimechoka tu."

"Umetuandika vizuri?"

"Nimewaandika, roho yangu."

Siku ya mkutano wa kusomewa ripoti, Dada Miche alikuja na gauni jipya la njano, kilemba kimekaa sawasawa. Majirani alikuwa amewatuliza yeye mwenyewe: "Msiogope, aliyepima ni mtu wetu." Katibu akasoma: chemchemi ni ya msimu, hukauka kiangazi. Ukumbi ukaguna. Dada Miche akasimama.

"Naomba kumuuliza aliyepima. Ulipima lini?"

"Kiangazi," Mpimaji akajibu.

"Maji yalikufika wapi?"

Bosi akakohoa. Mpimaji akaangalia karatasi zake. "Ripoti... inajieleza yenyewe."

Dada Miche akakaa chini. Mama yake akamshika mkono. Mwenyekiti akatangaza: mwenye pingamizi alete barua, siku ishirini na moja.

Majirani waliandika. Wakajibiwa kwamba wao si wataalamu. Mpimaji alipiga simu asubuhi, mchana, jioni, haikupokelewa. Alipata ujumbe mmoja tu: "Na mimi uliniandikaje? Wa kudumu au wa msimu?" Akaandika majibu, akayafuta yote.

Siku ya kuhama akatokea. Shati limekunjamana, macho mekundu. Mkokoteni ulikuwa unapakiwa miche.

"Nimeacha kazi," alisema.

"Lini?"

"Jana. Nataka kukuoa. Nimekuja kusema na mama."

Mama akachukua ndoo, akaingia ndani.

Dada Miche alimtazama. Bado alimpenda, na jambo hilo lilimkera kama kokoto kiatuni.

"Umeacha kazi. Sahihi yako je, imeacha?"

Akaonyesha bondeni. Watu wenye kofia ngumu walikuwa wanashusha mabomba, tingatinga linanguruma.

"Nitaandika barua," Mpimaji akasema. "Nitawaambia nilidanganya."

"Muda uliisha juzi."

"Nilikupigia! Kila siku nilikupigia, hukupokea!"

"Ulinipigia mimi." Sauti yake haikupanda. "Mimi nilikuwa nasubiri uwaandikie wao. Siku ishirini na moja nilikuwa naenda ofisini kuuliza kama imefika barua yako. Karani alishanizoea. Akiniona tu anatikisa kichwa."

Mpimaji akainama, akanyanyua mche, akaupakia. Hakufukuzwa. Walipakia bega kwa bega, huyu akipokea, yule akitoa, hadi mkokoteni ukajaa. Mpita njia angesema ni mke na mume wanahamia kwao.

"Asante, kaka," akasema Dada Miche, akamwita mama yake, wakaanza kusukuma.