Mke wa Utani

"Otto, nyumba yangu umempa nani?"

Mwanangu alikaza mikono kwenye usukani, macho kwenye lami inayotoka Lindi kwenda Kilwa. Bahari ilikuwa inatuchungulia upande wa kulia kama jirani mmbea.

"Mama, angalia bahari," akasema mke wake, Leticia.

"Nimeshaiona. Ni maji. Nyumba yangu amepewa nani?"

"Kuna mwalimu amehamia," Otto akasema. "Pale Matogoro upo peke yako, mama. Ukianguka bafuni nani atajua? Utakaa na sisi Dar."

Hapo nikaelewa. Walikuja kunichukua huko Matogoro, Songea, wakasema ni matembezi ya familia, tupite pwani nione bahari kabla macho hayajafunga duka. Kumbe ni matembezi ya kwenda tu.

Wasomaji wangu, sikuwa naogopa Dar. Niliogopa kumpoteza mtu, na mbaya zaidi sikuwa na hakika kama ninaye.

Mtu mwenyewe anaitwa Sefu, Myao wa Tunduru, mkulima wa korosho. Sisi Wangoni na Wayao ni watani. Babu zetu walichomana mikuki, wajukuu tumebakiwa na matusi, na mtani akikutukana hununi. Siku tunamzika mume wangu, Sefu ndiye aliyerukia kaburini, kama desturi ya watani msibani, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Tulicheka huku tunalia. Tangu hapo kila akileta korosho Songea anapitia kwangu kula vitumbua, ananiita mke wangu mbele ya majirani, hata mbele ya padri. Watu wanacheka. Nami nacheka.

Mwezi uliopita alikuja hakuna mtu. Akasimama kwenye mlango wa jiko.

"Emerensiana, nataka nikuoe."

Nikacheka mpaka unga ukamwagika. Mtani ungemjibuje? Yeye naye akacheka, akaaga. Lakini alichelewa kidogo kucheka, na kule kuchelewa ndiko kulikoninyima usingizi.

Jana tulipopita Tunduru alitusimamisha barabarani, akamuuliza Otto mke wake anapelekwa wapi. Otto akamjibu kwamba anaenda kuozeshwa kwa papa wa baharini, maana papa hachagui nyama ngumu. Gari zima likacheka. Yeye na Otto wakasogea pembeni wakanong'ona kidogo, tukaondoka.

Sasa nikatoa simu, nikaandika: *Sefu nahamishiwa Dar sirudi. Siku ile jikoni ulisema kweli au ulitania?*

Ikaenda. Sikupata jibu. Tukapita Nangurukuru, simu haijalia. Tulipofika Somanga Otto na Leticia wakashuka kula samaki wa kukaanga, mimi nikabaki garini nimeikumbatia simu kama yai. Akilini nikaanza kumwona Sefu akiwasomea wenzake meseji yangu kijiweni, wanapigana viganja. Mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu, nimeuliza swali la msichana. Tulipovuka mto Rufiji nikatamani utumeze na gari letu la Noah, kisha nikawahurumia wenzangu.

Mkuranga simu ikalia mlio wa meseji. Miwani nilikuwa nimeirudisha kwenye begi huko nyuma, Leticia akaichukua simu akasoma kwa sauti:

*Simu ilizima. Nipo kwenye basi nyuma yenu. Otto aliniambia jana kwamba unahamishwa. Mnisubiri Mbagala, nakuja kuposa.*

Otto akapiga usukani kwa kicheko. Akasema huyu mzee kiboko, anatania mpaka kwenye meseji. Leticia alicheka pia, halafu akanitazama, akaacha.

Otto akaegesha gari pembeni.

"Mama, mbona wewe hucheki? Unaogopa nini?"

"Naogopa kwamba anatania."

Akawasha gari, hatukusimama tena mpaka Mbagala.

Mbagala jamani. Kila duka na spika yake, bodaboda zinapita hadi kwenye visigino vya watu, moshi wa mishikaki, vijana wanauza kila kitu isipokuwa nafasi ya kusimama. Basi la Sefu likaja, likafungua mlango. Wakashuka akina mama na magunia, wakashuka wanafunzi, akashuka mtu na kuku. Sefu hayumo. Kondakta akashika mlango afunge, na mimi nikashika mkono wa Leticia.

Ndipo akatokea, kanzu imekunjamana, kofia mkononi.

"Myao, umefukuzwa kwenu?" Otto akamwanza.

Sefu hakucheka.

"Otto, leo sitanii. Nimekuja kumposa mama yako."

"Lakini wewe mtani wetu."

"Nilikuwa nimejificha humo kwenye utani. Nikitania, akinikataa nacheka, naenda zangu na heshima yangu. Leo ukisema hapana sina pa kujificha. Tangu Tunduru moyo unanidunda."

Otto akauliza kuhusu dini, sauti ya chini. Nikamwambia bomani Songea wanafungisha ndoa za watu wa dini zote. Yeye atabaki na tasbihi yake na mimi na rozari yangu, tukigombana itakuwa ni chumvi ya mchuzi. Otto akatutazama mmoja mmoja.

"Mwalimu nitamtafutia nyumba nyingine," akasema. Kisha akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba."

Miaka yote hiyo Otto hakuwahi kumwamkia Sefu. Mtu uliyezoea kumtukana humwamkii. Ukimwamkia, utani umekwisha.

"Marahaba, mwanangu," Sefu akajibu.

Halafu akanigeukia mimi, kofia kifuani. Hofu ikanipanda upya. Mtani ningemcheka tu, huyu alikuwa anasubiri jibu.

"Ndiyo," nikasema.

Akaendelea kunitazama, hajapumua. Kelele za Mbagala zilikuwa zimelimeza jibu langu. Nikasogea mpaka sikioni kwake, mbele ya mwanangu na kondakta na yule mtu wa kuku.

"Nimesema ndiyo, Sefu."