Volti Kumi na Tisa

Mhasibu wa magendo alikuwa akishuka mbio ngazi za jengo la maegesho, laptop ameikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Siafu hakumfuata kwenye ngazi. Aliruka ukingo, akatua juu ya boneti ya Land Cruiser ya watu, akamsubiri chini.

"Iweke chini. Taratibu. Ina thamani kuliko wewe."

Bastola yake, Beretta, haikuhitaji kutoka yote kwenye koti. Mhasibu aliona mdomo wake tu, akaweka laptop sakafuni na kukaa pembeni yake, akihema.

Kioo kilikuwa bado kinawaka, ila betri ilikuwa ukingoni. Siafu aliingia nayo garini kwake, akaichomeka kwenye chaja aliyoikuta nyuma ya kiti, akabonyeza redio.

"Kamanda, Siafu hapa. Mzigo ninao."

"Mzima?"

"Mzima. Unawaka."

"Mfikishie shemeji yako haraka. Lori limeshaondoka na hatujui linaelekea wapi."

Hapo ndipo penye shida. Lori moja, katikati ya malori yote ya barabarani, lilikuwa limebeba dawa bandia za usingizi, zile wanazodungwa watu kabla ya kupasuliwa. Njia yake ilikuwa ndani ya laptop ile. Likishusha jioni, kesho asubuhi kuna watakaoamka katikati ya kisu, na kuna ambao hawataamka kabisa.

Shemeji, mume wa dada yake, ndiye aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta wa idara. Ndiye pia aliyembembeleza Kamanda mpaka Siafu akatolewa benchi la mafundi redio na kupewa bastola. Aliipokea laptop, akajifungia nayo chumbani kwake. Alipofungua mlango, alikuwa na diski ya laptop kiganjani na uso wa msibani.

"Shem, umeiunguza."

"Mimi? Vipi?"

"Ile chaja si yake. Umeipa umeme mkubwa, diski imekufa. Nusa mwenyewe."

Siafu alinusa. Harufu ya plastiki iliyoungua ikamshuka mpaka moyoni.

"Usijilaumu, ajali haina kinga," shemeji alisema, akimpigapiga bega. "Kamanda nitamweleza mimi." Akamwachia diski, akatoka na simu yake.

Siafu alijilaumu. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu, kwa sababu dada yake alikuwa amelazwa akisubiri kupasuliwa kesho asubuhi, mimba ya kwanza baada ya kuhangaika miaka. Kwa hasira tu, kama mtu anayeminya kidonda chake, akaingia chumbani mwa shemeji, akachomeka tena chaja ile ile na kuwasha laptop.

Feni ikazunguka. Kioo kikafunguka. Laptop ikaulizia diski yake.

Siafu akaigeuza mkononi ile diski iliyoungua.

Umeme wa chaja hauendi kwenye diski moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye ubao mkuu wa laptop, na chaja mbovu ingeanza kuua ubao. Moto hauruki sebule ukaenda kuchoma chumba cha ndani. Diski hii iliunguzwa ikiwa nje, peke yake, kwa mkono wa mtu.

Alitazama kifaa cha kupandisha na kushusha umeme juu ya meza ya shemeji yake. Kilisoma volti kumi na tisa, sawasawa na chaja ya laptop. Diski ile hula volti tano.

"Kikulacho," alisema polepole. Hakuimalizia.

Shemeji angeivunja kwa nyundo, angejulikana. Kwa umeme, lawama ilipata mwenyewe: Siafu na chaja yake.

Lakini benchi la mafundi halisahauliki. Kwenye ubao wa diski, karibu na mlango wa umeme, hukaa diodi ndogo kuliko punje ya mchele. Umeme ukizidi, inajitoa mhanga na kuziba njia, wenzake wapone. Siafu aliigusa kwa mita. Mita ikalia. Imekufa, tena pengine imekufa vizuri.

Akaing'oa kwa kikatia kucha. Sasa diski haikuwa na mlinzi; kosa moja, basi. Alishusha umeme hadi tano, akaupima, akaupima tena, akachomeka.

Kimya.

Kisha diski ikaanza kuzunguka. Akaiunganisha na laptop, akasoma ratiba ya lori, akabonyeza redio.

"Kamanda, haya yabaki kwako peke yako. Lori ni Scania nyeupe, barabara ya kiwanda cha saruji. Namba na vituo vyake nakutumia."

"Shemeji yako kanipigia. Kasema diski imekufa."

"Najua alichosema."

"Pole, Siafu."

Kabla jua halijashuka sana, sauti ya Kamanda ikarudi redioni: "Tumelikamata. Dawa ni zenyewe."

Shemeji aliingia wakati huo huo. Aliona diski inazunguka, akavuta kiti na kukaa.

"Mzigo ni wa kaka yangu, shem. Tumbo moja. Ningefanyaje?"

"Na mkeo? Si anapasuliwa kesho?"

"Kwani unaniona mnyama? Nilimwambia kaka hospitali ya mke wangu waiache. Kaniapia."

Wake za wengine hakuwaombea. Siafu alitaka kumpiga. Badala yake akamgeuzia kioo.

Hospitali ya dada ndiyo ilikuwa kituo cha kwanza.

Shemeji alisoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. "Kaniapia," alisema, kwa sauti ndogo.

Siafu alimtia pingu mwenyewe. Hakutaka mkono wa mtu mwingine. Alimkabidhi kwa askari wa mlangoni, na alipofika kwenye ngazi simu ikaita.

"Shemeji yako hapokei simu," dada alisema. "Mwambie aniletee lile shuka langu la bluu. Na kesho awahi, nataka anishike mkono."

"Nitakuletea mimi, dada."

"Kwani yeye ana nini?"

"Nikija tutaongea."

Akakata. Akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi bila haraka wala kugeuka nyuma, akaenda kutafuta shuka la bluu.