Aliyenaswa Kwenye Nguzo

Mchezeshi aliinama, akazima taa mbili zilizokuwa macho yake, akaanza kuhesabu kwa sauti nzito ya kuchekesha. Alikuwa roboti mwenye mikono ya mpira laini na kifua chenye joto kama la mtu, na katika Mbeya ya wakati ule karibu kila nyumba ilikuwa na Mchezeshi wake. Wazazi walifundishwa kwamba ubongo wa mtoto hukua kwa mchezo. Walikubali, ila nafasi hawakuwa nayo, basi mchezo wakaukabidhi kwa mashine.

Mhandisi Lusajo alikuwa mmoja wa waliombuni, lakini sasa hakumwamini hata kidogo. Kila alipowahi kurudi alimkuta bintiye mdogo, Atupele, amesimama kimya kwenye nguzo ya sebuleni, na Mchezeshi akimtazama tu.

"Mama Atupele, hili dude linamwadhibu mtoto," alimwambia mkewe, Sekela, aliyefanya kazi kwenye kituo cha angani. Sura yake ilielea juu ya meza.

"Si wewe uliyelitengeneza, baba Atupele? Kweli mganga hajigangi!" Sekela alicheka, kisha akaacha. "Hebu lichunguze. Mimi niko mbali."

Lusajo alipekua kumbukumbu zote za mashine, hakuona kosa. Hapo ndipo shaka ilipomzidi, maana mwizi mzoefu haachi nyayo. Kesho yake alitoroka kazini mchana, akaingia kwa mlango wa jikoni, akajibanza nyuma ya pazia.

Walikuwa wakicheza kombolela. Atupele alijificha, akaonekana, akaenda mwenyewe kusimama kwenye nguzo. Ndiyo sheria: aliyenaswa husubiri hapo mpaka mwenzake ambaye hajaonekana atoke mbio, aiguse nguzo, amkomboe.

"Nimekupata. Njoo tuanze upya," alisema Mchezeshi.

"Bado. Nasubiri kukombolewa."

"Tunacheza wawili tu, Atupele. Nani atakukomboa?"

"Baba. Si bado hajaonekana?"

Lusajo aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mwizi aliyemtafuta siku zote hizo alikuwa nyuma ya pazia. Alichomoka mbio, akateleza kwenye zulia, akaipiga nguzo kwa kiganja.

"Kombolela!"

Atupele hakushangilia. Alimtazama kwanza, kisha akamshika kidole, akakibana.

"Baba," alisema, "ukijificha tena, usiende mbali."