Vifaranga na Balbu Baridi

Mama yangu ni fundi cherehani. Cherehani yake iko sebuleni, na juu yake ilining'inia balbu ya wati mia moja, karibu imguse kichwa. Alitaka kuuona uzi vizuri. Lakini jioni jasho lilimtoka puani kama mtu aliyekaa mbele ya tanuri. Kila mara alijifuta lisije likadondokea kitambaa cha mteja.

Nyumba yetu ilikuwa na balbu sita. Moja hiyo ya mama, moja chumbani kwa bibi, moja chumbani kwetu, moja jikoni, moja nje mlangoni. Ya sita ilikuwa yangu. Niliifunga ndani ya boksi kubwa jikoni, na chini yake walilala vifaranga wangu ishirini na wawili. Walikuwa na siku nne tu. Niliwanunua kwa akiba yangu ya kushona vifungo. Kabla ya hapo sikuwahi kuwa na kitu cha kwangu peke yangu.

Umeme wetu ni wa kulipia kwanza. Kwa miezi mingi ulikuwa haumalizi wiki. Siku moja ulikatika mama akiwa katikati ya mkono wa gauni.

"Umekwisha tena," mama alisema. "Na juzi tu nimeweka. Pasi yenyewe ni ya mkaa. Huu umeme unakwenda wapi?"

Bibi alikuwa ameketi mlangoni. "Mimi nimeshasema. Yule kinyozi wa ukuta wa pili anatunyonya. Mashine zake zinavuma kutwa kama nyuki. Umeme anaupata wapi?"

"Ananunua, mama."

"Ananunua kwetu, bila kutulipa."

Bibi akashika fimbo yake, tayari kwenda kumuuliza kinyozi mbele ya wateja wake. Mama aliogopa aibu. Akanituma nimwite jirani yetu, fundi umeme. Mtaa mzima unamwita Fundi Nyaya, kwa sababu mifuko yake haikosi vipande vya waya.

Mama alinunua umeme mwingine. Fundi akasimama mbele ya mita.

"Zimeni kila kitu," alisema.

Tulizima. Kwenye mita kuna kitaa kidogo chekundu. Kilikuwa kimya kabisa.

"Kila kitaa hiki kinapopepesa, mita inahesabu umeme uliotumika. Sasa hakipepesi. Bibi, mwizi wako yuko wapi?"

"Labda ameenda kula," bibi alijibu.

Fundi akacheka. Akawasha balbu ya mama. Kitaa kikaanza kupepesa. Akawasha zote sita. Kitaa kikapepesa mbio mbio, kama jicho lililoingiwa na pilipili. Tulitazama kwa mshangao.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mwizi mmemtundika darini wenyewe."

Akaniambia nisogeze kiganja karibu na balbu ya mama, nisiiguse. Nilikirudisha upesi. Ilikuwa ya moto kama sufuria.

"Umeona? Kwenye balbu hizi za zamani, umeme kidogo sana ndio unaogeuka mwanga. Karibu wote unaobaki unageuka joto. Na wewe dada, unataka joto au unataka kuona uzi?"

Mama aliketi chini. "Miaka kumi na minne," alisema polepole. "Miaka kumi na minne nimeshona chini ya jiko."

Fundi akatoa balbu nyingine mfukoni. "Hii ni ya LED. Ni wati tisa tu, lakini mwanga wake ni sawa na ile ya wati sitini. Na inaishi miaka, si miezi." Akaizima ya jikoni, akasubiri ipoe, akafunga hiyo mpya. Mwanga ulikuwa ule ule. Kitaa cha mita kikapunguza mwendo.

"Ukienda dukani soma boksi," alimwambia mama. "Wati ni umeme unaoliwa. Lumeni ni mwanga unaopata. Tafuta wati chache na lumeni nyingi. Ya cherehani chukua wati kumi na nne. Hizo nyingine, wati tisa zinatosha."

Kesho yake mama akarudi na balbu sita. Mama hana kazi ya nusu. Shati likipoteza kifungo kimoja, yeye huvikata vyote na kushona vingine, ili vifanane. Hata Fundi alipompa ile ya jikoni, mama alimrudishia, akanunua sita za kampuni moja.

Kwa kila chumba alizima umeme kwenye swichi kubwa, akapanda juu ya kigoda, akabadilisha, kisha akauwasha tena. Mimi nilimpa moja moja. Bibi aliigusa ya chumbani kwake baada ya kuwaka kwa muda.

"Taa gani hii haina hata joto? Kama mkono wa maiti."

"Ndiyo uzuri wake huo, mama," mama alisema. Alikuwa anaimba. Siku nyingi sikumsikia akiimba.

Mwisho akafika kwenye boksi langu. Neno lilinifika kooni. Nilitaka kuuliza, je, vifaranga? Nikamtazama mama alivyofurahi, nikalimeza. Nilijiambia, wakubwa wanajua.

Balbu za zamani alizifunga kwenye gazeti, akaziponda, akazitupa shimoni. "Nisije nikashawishika kuzirudisha," alisema.

Mchana huo mama alinituma kupeleka nguo za wateja. Mvua ilinikuta njiani. Baridi ilikuwa kali. Nilirudi jioni nimelowa. Nilipoingia jikoni nikasimama. Hakukuwa na sauti. Vifaranga ishirini na wawili hawanyamazi, hata wakilala.

Balbu ilikuwa inawaka, nyeupe, safi. Chini yake vifaranga walikuwa wamepandana kwenye kona, fungu moja. Niliwatenganisha mmoja mmoja. Watatu wa chini walikuwa wameshakufa, wamekauka kama vijiti. Wengine walifumba macho, vichwa vimelegea.

"Mama," niliita.

Mama alikuja na uzi mdomoni. Uzi ukamdondoka. "Lakini taa inawaka. Mbona wanakufa?"

"Inawaka, ila haina joto. Nilitaka kukuambia, mama. Niliogopa."

Alitoka mbio mvuani bila viatu kumwita Fundi.

Fundi aliinama juu ya boksi, akashika kichwa. "Kosa ni langu. Nilihesabu balbu sita, nikadhani zote ni za kuonea. Sikuuliza hii ya boksini ina kazi gani. Leteni ile ya zamani."

"Nimeiponda," mama alisema.

Fundi akaligeukia jiko.

"Basi chemsha maji," Fundi aliniambia. "Nipeni chupa na matambara. Upesi."

Matambara ndiyo yaliyojaa nyumbani kwetu. Tulijaza chupa nne maji ya moto, tukazifunga matambara mazito, tukazipanga ndani ya boksi. Bibi alikuwa ameshawatia sita kifuani, ndani ya sweta yake.

"Kaeni hapo," aliwaambia. "Huyu mjukuu wangu, mama yenu, nilimlea humu humu, hakunishinda."

"Watazame wao, watakuambia," Fundi alinielekeza. "Wakirundikana, wana baridi. Wakikimbilia mbali na chupa, wana joto kali. Wakitawanyika wakila, ni sawa. Maji yakipoa, badilisha."

Tulingoja. Nilihesabu pumzi zao. Kisha kwenye sweta ya bibi mmoja akalia, sauti nyembamba kama sindano. Mwingine akamjibu. Mama akageukia ukutani akajifuta uso.

Walipona kumi na tisa.

Asubuhi Fundi aliniletea balbu maalumu ya kupashia joto. Tuliitumia mpaka walipoota manyoya, tukaizima. Zile za LED zikabaki kwenye vyumba vyote. Mama sasa anashona bila jasho, na anauona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Umeme wa kiasi kile kile tulichokuwa tukinunua umepita wiki ya nne.

Juzi mteja wa mama alikuja kuchukua sketi. Yeye ni mwoka mikate. Alitazama juu, akauliza habari za balbu zetu.

"Muulize binti yangu," mama alisema, miguu ikiendelea kukanyaga cherehani.

Nilisikia uso unawaka. Lakini safari hii sikumeza neno.

"Una balbu ngapi, shangazi?"

"Tano. Nataka nibadilishe zote leo hii."

"Zote ni za kuonea? Hakuna ya kupasha kitu joto?"

Mwoka mikate akafikiri. Kisha akashika mdomo. "Ya kabatini. Ile ndiyo inayoumua unga wangu usiku kucha."

"Basi nunua nne," nikamwambia. "Hiyo ya kabatini iache."