Safari ya Milimita Nne

Ukumbi wa stesheni ulikuwa umejaa pomoni, kila mtu na mzigo wake na kila mzigo na mtu wa kuukanyaga, na katikati ya vurugu hiyo msichana mmoja alikuwa amepanda juu ya benchi anapima ukuta.

Si ukuta hasa. Alikuwa anapima ramani kubwa ya reli na barabara iliyobandikwa pale, na kipimo chake kilikuwa futi kamba ya mshonaji, ile ya njano inayokaa shingoni. Gauni lake la kijani lilikuwa na mifuko miwili mikubwa, na kwenye mmoja mpini wa mkasi ulikuwa unachungulia watu.

"Dada," sauti ikasema chini yake, "unaishonea suruali au gauni?"

Akageuka. Kijana mrefu, ovaroli ya buluu, grisi hadi kwenye kola, kifurushi cha vipuri mkononi. Alikuwa amekuja kukituma kwa mteja wa mbali.

"Gauni," akajibu bila kucheka. "Ila mteja ana kiuno kibaya. Hebu shika huko mwisho."

Akashika. Ungekuwa wewe ungekataa?

"Kutoka hapa hadi kwa bibi yangu, sentimita themanini na mbili," msichana akasema. "Nchi nne. Treni, basi, basi tena, treni, halafu basi la mwisho."

"Si upande ndege upumzike?"

"Nilipasuliwa sikio. Daktari kasema nikipanda ndege nitafika mimi, sikio litabaki mawinguni."

Kijana akacheka. Lakini macho yake yalipoufuata ule mstari, ukipanda mlima, ukivuka mto, ukipita mpaka na mpaka mwingine, akaiachia futi kama imemng'ata.

"Wewe husafiri?" msichana akauliza.

"Mimi fundi breki. Kazi yangu kusimamisha."

Hawakuulizana majina siku ile, wakabandikana: yeye akawa Futi, kijana akawa Breki. Walipokuja kuambiana majina yao halisi, wakaona hayawafai.

Penzi likakolea bila kuomba ruhusa. Kila jioni Breki alikuja na baiskeli yake hadi kwenye chumba cha ushonaji cha Futi, amejisugua kwa sabuni ya unga hadi mikono imepauka. Futi alikuwa ameichora safari nzima kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Vituo vilikuwa vifungo, mipaka ilikuwa pini.

"Treni inatufikisha hapa jioni," Futi alieleza akisogeza kifungo. "Mpaka unakuwa umeshafungwa, tunalala. Asubuhi tunavuka kwa miguu, basi liko upande wa pili."

"Basi gani?"

"Basi, Breki. Lenye magurudumu."

"La mwaka gani?"

"Sijalichumbia, nitajuaje umri wake?"

Simu ikalia. Ilikuwa ya bibi, aliyemlea Futi tangu mama yake alipofariki. Futi akaiweka sauti ya juu.

"Mke mwenzangu," bibi akasema, "huyo mume wetu ni mrefu kweli, au unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Mrefu, bibi. Anagonga kichwa mlangoni kwangu."

"Mlete upesi. Macho yangu yanafunga duka, limebaki dirisha moja. Sitaki kumjua kwa kumpapasa kama nachagua nyanya gizani."

Wote wakacheka. Simu ilipokatika, Futi hakuwa anacheka tena.

"Ile sauti unaisikia inatania," akasema taratibu, "lakini jirani yake kaniambia ameanza kumimina chai nje ya kikombe. Naogopa, Breki. Nataka akuone uso. Nisipofika mapema sitajisamehe."

"Tutakwenda, mpenzi."

Mdomo ndio uliosema. Vidole vya Breki vilikuwa vimeshakirudisha kifungo cha kwanza mahali pake.

Kisa chenyewe hakuwahi kumwambia mtu. Alipokuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota, shangazi yake alimwacha kwenye kiti cha basi akashuka kununua maji. Dereva naye alikuwa ameshuka. Basi likaanza kutembea lenyewe, polepole, kwenye mteremko, na ndani hakuwamo mwingine ila yeye. Alikumbuka madirisha yakipita nyuso za watu waliofungua midomo. Rundo la mchanga ndilo lililolizuia. Hakuchubuka hata ukucha, lakini tangu siku hiyo hakupanda tena chombo ambacho breki zake amezishika mtu mwingine. Alijifunza ufundi ili aitulize hofu. Badala yake akajifunza majina ya vitu vyote vinavyoweza kukatika.

Sasa jamani, mwanamume anayeogopa mende huchekwa akasamehewa. Anayeogopa basi, na mabasi ndiyo yanayomlisha? Huyo angefungwa kengele shingoni, mji mzima umcheke. Kwa hiyo Breki akanyamaza, akaanza kutafuta visingizio.

"Tungoje mvua zipite, barabara zinateleza."

Mvua zikapita.

"Tungoje vumbi litulie, dereva haoni mbele."

"Breki," Futi akasema akiwa ameshika chaki, "baada ya mvua na vumbi kuna nini tena? Mwezi?"

Akakata tiketi za treni ya kwanza, za Jumatatu ya wiki nne mbele, mbili. Breki alipopewa yake alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Ndipo Jumamosi zake zikapotea. Haji asubuhi, haji mchana, simu haipokewi. Anakuja jioni kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, amechoka kama aliyebeba gunia, na anambusu Futi kwenye paji la uso kwa midomo baridi.

Jirani yake Futi, muuza vifungo, akaingia Jumamosi ya mwisho kabla ya safari na kukaa bila kukaribishwa.

"Mwenzangu, mimi sina ulimi mrefu."

"Najua. Ila huo mfupi unakuwasha."

"Nimemwona wako stesheni. Kanyoa, kapiga pasi, kavaa lile shati jeupe ulilomshonea. Kapanda treni ya leo. Na Jumamosi iliyotangulia vilevile. Mwanamume havai shati jeupe kwenda kutazama reli, mama."

Futi akaendelea kushona. Alipotazama, alikuwa ameshona mkono wa blauzi mahali pa shingo.

Akapiga simu mara tatu. Ya tatu ikapokewa.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Gereji," Breki akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inatetemeka kama ya mwizi. Nyuma yake honi ikalia, ndefu, ikifuatiwa na mngurumo wa chuma juu ya chuma.

"Gereji yenu siku hizi inatengeneza treni?"

Honi ikalia tena.

"Futi, nitakueleza."

"Usinieleze. Jumatatu nakwenda kwa bibi. Peke yangu. Na sijui kama nitarudi."

Akakata. Kisha akakaa chini ya meza yake ya kukatia, kwenye vipande vya nguo, akaogopa vitu viwili kwa pamoja: kwamba atafika kwa bibi akute dirisha limeshafungwa, na kwamba yule anayemwacha nyuma hatamfuata. Tiketi ya pili, iliyobaki kwa Breki, hakuidai. Hata yeye hakujua kwa nini.

Lakini moyo ni mbishi. Siku ile ile akajifunga mtandio mweusi, akaenda stesheni na kusubiri treni inayorudi, amtazame huyo mwanamke anayeshuka naye. Treni ikaja, watu wakashuka. Breki hakushuka. Akaja jioni kwa njia ya reli, kwa miguu, peke yake, shati jeupe limemganda mgongoni. Futi akajificha nyuma ya nguzo, akachanganyikiwa zaidi. Mwanamke gani huyo asiyempa mtu hata nauli ya kurudia?

Jumatatu asubuhi akaingia ndani ya behewa na begi lake. Akatafuta kiti chake. Cha pili, cha dirishani, kilikuwa na mtu.

Breki alikuwa amekaa wima kama msumari, amefumba macho, mikono yote miwili imekishika kiti cha mbele hadi vidole vimepauka. Midomo inacheza. Shati jeupe, safi, limeshalowa jasho na treni haijaondoka.

"Unaumwa?" Futi akauliza. Alikuwa ameandaa matusi mazuri, yote yakampotea.

"Naogopa," Breki akasema bila kufumbua macho.

Akamsimulia. Basi, mteremko, mchanga. Na Jumamosi zake: alikuwa anajifundisha. Anapanda, anafumba macho, anashuka kituo cha kwanza, halafu miguu inagoma kupanda tena, anarudi nyumbani akifuata reli.

"Na shati jeupe?"

"Kila kilichomo humu kimefungwa na mtu nisiyemjua, Futi. Nilitaka kitu kimoja ninachomjua fundi wake. Mshono wako haufumuki."

Futi akakaa. Alitaka kucheka, akaona machozi yamewahi.

"Mjinga wewe. Nilikuwa nimeshamchukia mwanamke wa kituo cha kwanza."

"Msamehe. Hata kuzaliwa hajazaliwa."

Treni ikashtuka, ikaondoka. Breki akaguna kama aliyepigwa ngumi. Majengo yakapita, uzio ukapita, hadi chuma kilipoanza kulia tena na treni ikasimama. Kituo cha kwanza.

Breki akainuka. Miguu ilijua njia, ikampeleka hadi mlangoni. Futi alinyoosha mkono, kisha akaurudisha mapajani. Akaukalia.

"Sikuvuti," akasema. "Ukishuka, shuka. Nitamwambia bibi ulikuwa mrefu."

Breki akasimama pale, mguu mmoja ndani, mwingine kwenye ngazi, akitazama jukwaa alilolizoea. Filimbi ikapulizwa. Jukwaa likaanza kusogea nyuma, polepole, lenyewe, kama siku ile. Na safari hii ndani hakuwa peke yake.

Akarudi, akaanguka kwenye kiti.

"Kituo kinachofuata ni mbali?" akauliza akitweta.

"Kwenye ramani yangu, milimita nne."

"Nipe simu. Kabla sijabadili mawazo."

Bibi akapokea. "Mke mwenzangu?"

"Ni mimi, bibi. Yule mrefu. Nakuja kumposa mjukuu wako. Naja kwa treni na mabasi yote hayo. Nikifika nimezimia, jibu nipe hivyo hivyo."

"Njoo, baba," bibi akasema. "Dirisha nalishikilia."

Futi akaegemeza kichwa kwenye shati lile, lililokuwa linanuka sabuni, jasho na grisi kwa mbali. Chini yake moyo ulikuwa unakimbia kuliko treni. Breki alikuwa amemshika kifundo cha mkono kwa nguvu, na alama za vidole zilikuwa zinaanza kujichora.

"Futi."

"Naam, mume wangu."

"Sentimita themanini na mbili zina kona ngapi?"

"Lala, mpenzi."

"Silali. Nani atamwangalia dereva?"