Iliingia Ikinguruma

Kibano kilishuka, kikaishika pikipiki upande wa kushoto, chini ya kiti, kikainyanyua juu kama sungura. Vidole vyembamba vya chuma vikafuata kutoka darini. Kimoja kilionja betri, kingine kikafungua plagi, cha tatu kikasukuma umeme kwenye koili. Kabla mwenye chombo hajamaliza kukohoa, sauti tulivu ilitoa hukumu.

"Cheche hakuna. Sidiai imekufa. Tanuri."

Huyo ndiye Mkaguzi, mashine iliyokuwa fahari ya jiji la Mbeya. Wageni waliletwa kumtazama kutoka nyuma ya kioo. Sheria ilitaka kila pikipiki ya mafuta iliyobaki ipite mbele yake mara moja kwa mwaka. Iliyokataa kuwaka ndani ya ukumbi iliyeyushwa, na nyingine ya kununua haikuwepo, kwa sababu viwanda vilikwisha kuacha kuzitengeneza.

Wenye pikipiki walikuwa na utetezi mmoja: "Lakini iliingia ikinguruma!" Watumishi wa ukumbi waliugeuza utani. Mtu akisinzia kazini akaulizwa kulikoni, alijibu, "Niliingia nikinguruma," wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mhandisi Lusajo Mwakipesile, aliyebuni kibano na kumfundisha Mkaguzi kazi, hakucheka. Haikuwa huruma. Aliwadharau bodaboda kiasi cha kutoona lolote la kuchekesha kwao. Kwake walikuwa watu wanaounga waya kwa meno na kufunga fyuzi kwa karatasi ya sigara. Ndiyo maana alimfundisha Mkaguzi asiuhesabu waya wowote usiokuwemo kwenye mchoro wa kiwandani. Waya wa namna hiyo aliuita uchafu.

Asubuhi hiyo watumishi waliita jina la Lusajo. Mwanamke mmoja, mwenye pikipiki ile, alikuwa amekata rufaa. Sheria iliruhusu kudai ukaguzi wa mkono wa binadamu, lakini hakuna aliyewahi kuudai, na Lusajo alijua kwa nini: wenye makosa wanajijua.

"Shikamoo, Mhandisi," alisema mwanamke huyo. Aliitwa Tusekile Mwambungu, na buti zake zilijaa udongo mwekundu.

"Marahaba. Wewe ndiye unayebishana na mashine?"

"Sibishani. Nimeambiwa nina haki ya kukaguliwa na binadamu. Ni wewe, au nao wameyeyushwa?"

Lusajo alifungua sanduku la vifaa ambalo hakulitumia tangu ajira yake ya kwanza. "Chombo hiki ni chako?"

"Alikuwa nacho kaka yangu Ambokile. Alifariki, nikakirithi."

"Unakifahamu?"

"Najua kukipanda na kukitia mafuta. Kwani ni mchumba?"

"Unabebea nini?"

"Watu wa vijiji vya juu. Magari-huru yenu yasiyo na dereva, yasipoona mnara wa mawasiliano, yanageuza, yanarudi mjini. Kesho namshusha mjamzito, mtoto amelala mkingamo. Hiki kikiingia tanuri, labda wewe uje umbebe mgongoni."

Lusajo alianza kwenye betri. Ilikuwa na nguvu, na stata ilizungusha injini bila kusuasua. Basi kilichokosekana ni cheche. Alichomoa plagi, akailaza juu ya injini chuma kwa chuma, akapiga kiki. Giza. Akabadilisha plagi, akapiga tena. Giza. Akapima koili, ikawa nzima. Akapima umeme unaotoka kwenye sumaku ya injini kwenda kwenye sidiai, kile kiboksi cheusi kinachoamua cheche itoke lini. Ulifika wote.

"Umeme unaingia, cheche haitoki," alisema. "Sidiai imekufa. Mkaguzi yuko sahihi."

"Basi umenifanyia nini ambacho yeye hakufanya? Umekichafua tu."

Hilo lilimkera, akachomoa waya mmoja aliokuwa hajaugusa: waya wa kuzimia. Waya huu ukigusa fremu, sidiai hunyamaza. Ndivyo ufunguo unavyozima injini. Akapiga kiki. Cheche ya buluu ikaruka.

Sidiai ilikuwa hai. Kuna kitu kilikuwa kikiinyamazisha.

Lusajo alitenganisha swichi ya funguo, kisha swichi ya dharura kwenye usukani. Waya wa kuzimia uliendelea kugusa fremu. Ilibaki njia ya tatu, ambayo haikuwemo kwenye mchoro. Aliufuata waya kwa vidole mpaka akakuta umeunganishwa na mwingine mwembamba, mweusi, uliopita ndani ya bomba la fremu na kutokea upande wa kushoto chini ya kiti. Mwisho wake palikuwa na kitufe. Kilikuwa kimebonyezwa, kimezama.

"Nani kaweka hiki?"

Tusekile aliinama, akakitazama kwa muda. "Loo, Ambokile! Hiki ni kizuia-wezi. Bodaboda wote wanacho. Ukishuka unakibonyeza, mwizi apige kiki mpaka mguu uteguke. Lakini mtu hasemi kiko wapi. Hata mkewe hamwambii, sembuse dada."

"Wote wanakiweka hapa?"

"Wataweka wapi? Mkono wa kulia uko kwenye mafuta. Wa kushoto ndio mtupu, nao ukining'inia unaishia hapo."

Lusajo alikitazama kibano kilichokuwa kikingoja juu yao. Alichagua mahali hapo yeye mwenyewe, kwa sababu bomba la fremu limenyooka. Kilipofumba, kilibonyeza kitufe. Mashine iliizima pikipiki, kisha ikatangaza kwamba imekufa. Wenye pikipiki hawakusema, kwa kuwa kuongeza waya lilikuwa kosa: chombo huenda tanuri na mwenyewe hunyang'anywa leseni. Wakanyamaza, wakapoteza kimoja badala ya viwili. Mwanamke huyu alikata rufaa kwa sababu hakuwa na habari kwamba ana la kuficha.

Lusajo aliukata waya na kitufe chake, akavifumbata. Tusekile alipiga kiki mara moja, ukumbi ukajaa mngurumo.

"Imewaka. Imepita," alisema Mkaguzi. "Taja hitilafu."

Lusajo angeitaja hitilafu hiyo pikipiki ikiwa ndani, ingekwenda tanuri kwa kosa la waya. "Toka," alimwambia Tusekile.

"Nakwenda. Na ahsante sikupi, Mhandisi. Mmekizima wenyewe."

Lusajo alisubiri mpaka lango likajifunga nyuma ya Tusekile, kisha akaweka waya mezani. "Hitilafu ni kibano. Kinabonyeza kitufe hiki."

"Chombo hakipo ukumbini," alijibu Mkaguzi. "Ushahidi usio na chombo haupokelewi. Anayefuata."

Kumzima Mkaguzi kulihitaji kikao cha baraza la jiji. Lusajo alikimbia mlangoni. Mwanamume mwenye mvi kidevuni alikuwa akiingia taratibu juu ya pikipiki nyekundu, injini ikiimba vizuri.

"Simama! Kitufe chako kiko wapi? Chini ya kiti, kushoto? Kitoe kabla hujaingia!"

Yule bwana alimtazama mhandisi kuanzia koti jeupe mpaka viatu.

"Kitufe gani, Mhandisi?"

"Usinifiche. Kinakuponza."

"Sina kitufe mimi. Pikipiki yangu ni ya kiwandani." Aliwageukia wenzake waliokuwa kwenye foleni. "Mnamsikia? Siku hizi wanatutega waziwazi. Hata haya hawana!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Lusajo akainama kuingiza mkono chini ya kiti, yule bwana akaupiga kofi.

"Mikono yako, mzee! Niache nikaguliwe na mwenye akili."

Akaongeza mafuta, akampita, akasimama palipochorwa duara. Kibano kikaanza kushuka.